Draiva Haijitunzi

Lalamika tu kwamba emuleta ya Android inakwama, mjuaji atatokea: "Si ununue laptopu mpya." Rahisi kusema. Mwanafunzi aliyejikusanya akanunua mtumba wa Uingereza pale Luthuli Avenue hana pesa ya mashine nyingine, na prosesa yake si mbovu. Intel ilianza kuuza prosesa zenye VT-x mwaka 2005, AMD ikafuata na yake 2006. Uwezo uko ndani. Shida ni nani anautunza.

Bila msaada wa prosesa, kila amri ya ile simu bandia lazima itafsiriwe na programu, na unaweza kupika chai ukiingoja iwake. Ukiwepo msaada, amri nyingi zinaenda moja kwa moja kwa prosesa. Lakini kila mfumo endeshi una mlango wake: Linux ina KVM tangu 2007, macOS ina Hypervisor.framework, Windows ina WHPX, hata NetBSD ina NVMM. QEMU, ambayo emuleta ya Android imejengwa juu yake, inabeba funguo za milango yote hiyo. Na wenye nyumba hubadilisha kufuli bila kukuuliza.

HAXM ya Intel ilikuwa ufunguo wa watu wengi wa Windows na Mac. Msimbo wake uliwekwa wazi 2017. Mwanzoni mwa 2023 Intel ikaacha kuutunza, na Desemba mwaka huo QEMU 8.2 ikatoka bila HAXM. Leseni ilimruhusu yeyote kuuendeleza. Ruhusa bila mikono ilisaidia nini?

Siwalaumu QEMU. Draiva ya aina hii hukaa kwenye kiini cha mfumo. Tundu moja humo, na kompyuta nzima si yako tena. Kuibeba bila mtu wa kuipima ni hatari tupu. Intel nayo ni kampuni, ina hesabu zake.

Lawama yangu ni kwetu sisi tunaotumia programu huria kama maji ya bomba, tukipiga kelele siku yakikatika. Wasee, nionyesheni warsha moja mtaani kwenu iliyokaa kupima emuleta kwenye laptopu ya miaka kumi. Wahandisi wanaoandika msimbo huu wana mashine mpya mezani. Hizi kuukuu ziko kwetu, na hitilafu zake sisi ndio tunaziona kwanza.

Na huhitaji kujua C. Emuleta ya Android ina matoleo ya majaribio, QEMU pia. Weka, washa. Ikianguka, ripoti: prosesa gani, Windows ipi, ujumbe gani umetokea. Ila kwanza ingia BIOS uangalie kama VT-x imewashwa, maana laptopu zilizotoka ofisini zinaweza kukufikia ikiwa imezimwa.