Sura si Mtu

Wengine wanasema ufundi mpya ulimfufua mwimbaji Tupac Shakur huko California mwaka 2012, naye alikufa mwaka 1996. Si ufufuo, wala si ufundi mpya! Nani hajaona uso wake katika kioo cha dirisha usiku, taa ikiwaka nyumbani? Ndiyo siri yote. Henry Dircks, Mwingereza, aliibuni, naye John Henry Pepper akaionyesha London mwaka 1862: kioo kikubwa kimeinamishwa jukwaani, mchezaji amefichwa chini, taa kali inammulika, watu wanaona sura yake, kioo chenyewe hawakioni. Huko California waliweka utando mwembamba badala ya kioo, na picha ya mashine badala ya mchezaji.

Mzimu wa London ulikuwa wa hadithi tu, nasi hatuulaumu. Lakini huyu alipewa jina la marehemu, akalisalimu kwa jina tamasha la Coachella, lililoanza mwaka 1999! Marehemu angalijuaje? Watatujibu kwamba jamaa zake waliridhia. Sisi tunauliza: yeye mwenyewe aliulizwa lini?