Video za Kichina zaifikia Ufipa, lakini nani anaisimulia?

Kwa miaka mingi Rukwa ilihesabiwa miongoni mwa mikoa ya pembezoni. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa ya vumbi kabla ya kuwekwa lami katika miaka ya 2010, na umeme wa mji huo ulitegemea Zambia. Leo kijana wa Laela au Matai mwenye simu ya bei nafuu hutazama na kurusha video kupitia TikTok, mtandao uliozaliwa na kampuni ya ByteDance ya Beijing.

Mkono wa China katika safari hiyo ni mrefu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009 kwa mkopo wa nchi hiyo. Simu za Tecno na Itel ni za Transsion ya Shenzhen. Mwaka 2011, TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou iliyotiwa sauti za Kiswahili, ambayo Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam Machi 2013. Wakati huo China ilisimulia, Mtanzania akatazama. TikTok imempa mtazamaji nafasi ya kusimulia.

Mtandao huo haumtaki mtu awe na wafuasi wengi kwanza. Programu yake hupima muda ambao video inatazamwa, kisha huisambaza zaidi. Video fupi zilimfikisha Kili Paul, kijana wa Kimasai wa mkoa wa Pwani, kwenye sifa za Waziri Mkuu Narendra Modi wa India Februari 2022. Ufipa nayo ina Maporomoko ya Kalambo, yenye kimo cha zaidi ya mita 200, na mteremko wa Lyamba lya Mfipa.

Hata hivyo, programu inayopima muda haipimi ukweli. Jina la Sumbawanga, ambalo wengi hulitafsiri kuwa "tupa uchawi", limekuwa bidhaa ya mzaha, na kichekesho cha mchawi huvuta macho kuliko shamba la mahindi. Mzaha huo si mwepesi katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za ushirikina, Rukwa ikiwa miongoni mwa mikoa iliyotajwa. Kila kichekesho kinachorudiwa huipa tuhuma hiyo sura ya jambo la kawaida.

Suala la pili ni fedha. Mfuko wa kuwalipa watengenezaji wa video ulioanzishwa na TikTok mwaka 2020 ulianzia Marekani, kisha ukaingia katika nchi kadhaa za Ulaya, Tanzania haikuwamo. Kwa upande wa pili, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni kulipa leseni ya mamilioni ya shilingi. Zilipunguzwa makali baadaye, lakini ziliacha funzo: sheria ilimwona kwanza msemaji mdogo kabla ya mwenye jukwaa.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Agosti 2023, Rais William Ruto alizungumza na mkuu wa TikTok, Shou Zi Chew, na kampuni ikaahidi kuimarisha usimamizi wa maudhui nchini humo. Tanzania nayo inaweza kudai wasimamizi wanaojua Kiswahili, huku halmashauri za Rukwa zikiwasaidia vijana kurekodi kilimo, utalii na lugha ya Kifipa. Wafipa wasipoisimulia Ufipa, itasimuliwa na wanaoijua kwa uvumi tu.