Maonyesho ya mtandaoni na mnara wa kwenye mikoko

Wadau, leo nawaletea habari za minara ya simu. Najua wengi wetu huikumbuka siku mtandao ukikata tu, lakini nivumilieni.

Mtakumbuka Februari 12, 2020, korona ilipoanza kutisha dunia, maonyesho makubwa ya simu ya Barcelona yalifutwa. Mwaka mmoja kabla yalikuwa yamekusanya watu zaidi ya 100,000. Oktoba ya mwaka huohuo Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, kwa kushirikiana na Vietnam, likafanya mkutano wake wote kwenye kompyuta. Barcelona wamesharudi ukumbini, ila mabanda na semina za mtandaoni bado zipo, na wauzaji wa vifaa vya mawasiliano wanazipenda kwa sababu ni rahisi. Sisi huku tukaambiwa mlango umefunguka: fundi wa Kibiti asiye na viza wala nauli ya ndege atakaa meza moja na mnunuzi wa Ujerumani.

Wazo zuri mno. Shida ni kwamba yanaandaliwa na watu ambao mtandao wao haujawahi kusuasua.

Nilifuatilia moja nikiwa Kibiti mjini, kilomita kama 130 kusini mwa Dar. Banda lenyewe lilikuwa ukumbi wa kuchora, unazungushwa kwa kidole, una mpaka maua mezani (maua ya nini, sijui). Bando la siku likaisha sijaona kifaa hata kimoja. Nilipounga jingine nikakuta mada kuu inaanza saa 2 usiku kwa saa zetu. Bei hazikuandikwa popote. Unajaza fomu, utapigiwa. Nasubiri mpaka leo.

Na hapo ni mjini, kando ya lami. Sasa shuka Nyamisati, upande boti uingie delta, kwenye kata kama Salale, Mbuchi na Maparoni. Huko kuna takriban hekta 53,000 za mikoko na maji yanayojaa na kupwa kila siku. Mnara wa huko unapata taabu ambazo sijaona banda likizitaja. Chumvi inakula nati na viunganishi. Dizeli ya jenereta inafika kwa boti, na bahari ikichafuka haifiki, kwa hiyo sola na betri ndiyo roho ya kituo. Halafu kuna hili nililoelezwa na mafundi na likanishangaza: mnara unaoongea na mwenzake ng'ambo ya maji kwa mawimbi ya mikrowevu unasumbuliwa na maji yenyewe. Mawimbi yanadunda juu ya maji, na kina kikibadilika, mdundo nao unabadilika na mawasiliano yanayumba. Dawa mojawapo ni kufunga antena mbili kwa kupishana urefu kwenye mnara mmoja. Dawa hiyo ina gharama, na huwezi kuijua gharama hiyo kwa kuangalia ukumbi wenye maua.

Haya si mambo madogo. Mei 2023 pale Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulisaini mikataba na kampuni za simu kujenga minara 758 vijijini. Ni vifaa vingi mno vya kununua. Aprili 2024 mafuriko yakaizamisha sehemu kubwa ya Kibiti na Rufiji, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani hiyohiyo. Mei 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, na nchi nzima ikaonja maisha ya delta.

Kuna atakayeniambia fundi hanunui, wanaonunua wako makao makuu, na minara mingi hapa nchini ni ya kampuni za minara kama Helios Towers. Ni kweli. Lakini anayejua betri ipi ilikufa baada ya miezi minane ni yule aliyeibeba begani kwenye tope.

Ndiyo maana nasema maonyesho haya yageuzwe. Badala ya muuzaji kutuonyesha banda, fundi arekodi kituo chake kwa simu, dakika tano, aonyeshe kutu, alama ya maji ya mafuriko ukutani na mita ya betri. Video itumwe wiki moja kabla, wauzaji waitazame, kisha siku yenyewe waje na majibu na bei. Mazungumzo yawe ya sauti tu kwa anayetaka, yahifadhiwe katika faili dogo la kupakua usiku bando likiwa rahisi, na awepo mkalimani wa Kiswahili. Pale Sabasaba, kwenye Barabara ya Kilwa inayoendelea mpaka Kibiti, mtu hushika bidhaa, huigonga-gonga, kisha huuliza bei. Mtandaoni hawezi kugonga, basi angalau aulize.

Kama unasoma hapa na uko idara ya manunuzi ya kampuni yoyote ya simu au minara, nijibu hili: mara ya mwisho mliponunua betri za vituo vya pwani, nani kati yenu alikuwa amewahi kupanda boti Nyamisati?