Maisha Marefu, Wasifu Mfupi

Katika vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hata Marangu na Rombo, ni nadra watu kuzika pasipo mmoja wa ukoo kusimama mbele ya jeneza na kusoma wasifu wa marehemu. Na marehemu anapokuwa ni bibi aliyekula chumvi nyingi, wasifu huo aghalabu hautimizi kurasa mbili: alizaliwa, alibatizwa, alipata kipaimara, aliolewa, alijaliwa watoto na wajukuu na vitukuu ambao idadi yao hutajwa kwa fahari, akaugua, akapelekwa hospitali ya KCMC, Bwana akamtwaa. Desturi yenyewe ni njema na sina nia ya kuitia ila, lakini nathubutu kusema kwamba tunaitimiza kwa upungufu ambao, ukiutazama vizuri, ni dhuluma.

Tafadhali tuzingatie aliyoyaona mwanamke aliyezaliwa huku mlimani katika miaka ya 30. Alizaliwa wakati kahawa, ambayo mapadri wa misheni ya Kilema waliipanda mwishoni mwa karne ya 19, imekwisha kuwa mali ya wenyeji, na wakulima, baada ya kuanzisha chama chao cha KNPA mwaka 1925, wameunda chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Alipoolewa akaingia katika kihamba, yaani shamba la ukoo, ambamo migomba na mibuni ilikuwa ikiishi pamoja, mmoja ukimpa mwenzake kivuli, na ambamo kila kimoja kilikuwa na mwenyewe: ndizi na maziwa vilikuwa vya mama, kahawa ilikuwa ya baba. Mwanachama wa ushirika aghalabu alikuwa baba, na malipo yakisomwa kwa jina la baba, ilhali aliyepalilia, akachuma, akaosha na kuanika kahawa ile, kwa sehemu kubwa, alikuwa mama pamoja na wanawe. Akauona Mwenge wa Uhuru ukiwashwa kileleni mwaka 1961, akalisikia Azimio la Arusha mwaka 1967, akashuhudia vyama vikuu vya ushirika vikivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa katika miaka ya 80, na bei ya kahawa ikiporomoka baada ya mapatano ya dunia juu ya zao hilo kukwama mwaka 1989. Mabadiliko hayo yote, ambayo vitabu huyaandika kama khabari za serikali na za masoko, yeye aliyapokea jikoni, akiamua nani atavaa viatu na nani atangoja mwaka mwingine.

Nilihudhuria maziko ya bibi wa namna hiyo huko Old Moshi. Wasifu ulikwisha kusomwa, karatasi ikakunjwa na kutiwa mfukoni, ndipo jirani yake, mwanamke mkongwe aliyeshikwa mkono na mjukuu, akaomba ruhusa ya kunena. Akasema kwamba yeye na marehemu walikuwa wakiondoka alfajiri na mapema, kila mmoja na mkungu wa ndizi kichwani, kuteremka hadi soko la Kiboriloni, na kwamba wakati wa kupanda hawakurudi mikono mitupu, bali walijitwisha majani ya ng'ombe waliyoyakata tambarare; na kwa fedha ya ndizi zile, si ya kahawa, marehemu aliwasomesha binti zake, kwa sababu ya kahawa ilikuwa imekwisha kupangiwa ada za wavulana. Wale mabinti, nao sasa ni watu wazima, wakalia kilio ambacho hawakukilia karatasi iliposomwa.

Kwamba maisha ya bibi yastahili kusimuliwa kwa kirefu, wenzetu wa mataifa mengine wamelitambua. Waitaliano, ambao wapatao milioni 13 waliihama nchi yao kati ya mwaka 1880 na Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wakaenda Marekani, Argentina na Brazili kutafuta riziki, wana vitabu tele vya wajukuu wanaosimulia maisha ya bibi zao: meli waliyopanda, mtaa waliofikia, chakula walichopika ili watoto wasisahau walikotoka. Na sisi Wachaga wa leo, wenyeji wa miteremko hii, ni watu wa safari vilevile. Ardhi ya vihamba ilipokuwa finyu tulitawanyika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo, na tunaporudi kila Desemba, mabasi yakijaa hadi nafasi zikakosekana, mara nyingi anayetuvuta ni bibi aliyebaki nyumbani na mtori wake, ule mchuzi wa ndizi, wala si mlima wala mbege, pombe yetu ya ndizi.

Lakini nasikitika zaidi kwa sababu nyingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Hata hivyo, katika vikao vya ukoo wajane na mabinti bado husemwa kana kwamba ni wageni katika kihamba walichokilima umri wao wote. Ukoo ambao haukuzoea kusema hadharani kwamba mama alilima, hautaona taabu kudai kwamba hakuwa na fungu.

Kwa hiyo nawasihi wajukuu watakaopanda mlima Desemba hii wachukue daftari, au hizo simu zao zinazorekodi sauti, wakae na bibi wamuulize alizaliwa ukoo gani, alilima wapi, alimlipia nani ada, aligombana na nani kwa ajili ya mpaka wa masale, ile mimea ya kutenga vihamba. Na siku ya maziko, ratiba ikibana, zipunguzwe salamu za vyama na za wakubwa, ambazo nimeona zikimaliza saa nzima, msomaji apate nafasi ya kuyasoma hayo yote, pamoja na jina la marehemu la kwao alikozaliwa.