Kutoka Msimbazi Hadi Bagamoyo

Ukimwuliza mama wa Msimbazi kama anaifahamu Bagamoyo, atakujibu kwamba amefika. Alikwenda msibani, akalala matangani siku mbili, akarudi bila kuiona bahari. Wengi wetu tumeijua Bagamoyo kwa namna hiyo.

Akina mama wenzetu, mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya matembezi ya siku moja. Wapo wanaodhani kwamba kwenda kuona mahali ni kazi ya watalii wenye kamera shingoni. Sisi tunaoamkia sokoni, mapumziko yetu ni kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa wateja wakipungua. Lakini watoto wetu wanasoma shuleni habari za misafara na utumwa, wanakariri miaka kwa ajili ya mtihani, na mahali penyewe pako kilomita 70 hivi tu kutoka mlangoni petu.

Basi tulikwenda Jumamosi moja, akina mama wanane na watoto kumi na watatu. Kutoka Kariakoo tulipanda daladala hadi Makumbusho, na kutoka hapo tukapata gari la Bagamoyo. Chapati, mayai ya kuchemsha na maji tulibeba wenyewe, maana kulisha watoto kumi na watatu hotelini kungemaliza faida ya wiki nzima.

Tulianzia Kaole kabla jua halijawa kali. Ni kiasi cha kilomita tano kusini mwa mji, na bajaji zinafika. Hapo pana magofu ya misikiti miwili, mmoja wa karne ya 13, na makaburi ya mawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Zamani majahazi yalitia nanga Kaole. Baadaye mikoko na matope viliziba bandari, na shughuli zikahamia Bagamoyo. Vipande vya vyombo vya Kichina vilivyookotwa hapo vimehifadhiwa. Watoto walistaajabu kuona kwamba mabibi wa pwani walitumia sahani za kutoka China karne nyingi kabla ya maduka yetu ya Kariakoo.

Tulirudi mjini tukaelekea misheni kwa njia ya miembe. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa kutoka Unguja mwaka 1868. Walikomboa watumwa kwa fedha, wengi wao watoto, wakawajengea kijiji. Nyumba ya masista ya mwaka 1876 sasa ni makumbusho, na ndani yake kuna minyororo na picha za watoto wale.

Hapo binti mmoja wa miaka minane alisimama mbele ya picha, akauliza, "Huyu mama yake yuko wapi?"

Hatukuwa na jibu fupi. Tulimwambia kwamba wengine walitenganishwa na mama zao njiani, na wengine waliuzwa wakiwa wadogo mno hata kukumbuka jina la kijiji chao. Biashara ya kusafirisha watumwa baharini ilipigwa marufuku na Sultani Barghash mwaka 1873, lakini ya siri iliendelea. Akauliza tena kama watoto wa misheni walifurahi. Hapo tunasema wazi kwamba si vema kuwapamba watu wa kale kupita kiasi. Walikuwa salama, walipata chakula na shule, lakini maisha yalikuwa ya kengele na kazi za shamba, na wapo waliotoroka. Mtoto aliyenunuliwa mara mbili, hata kama mara ya pili ni kwa nia njema, hakosi kuwa na maswali yake. Mama mmoja wa kundi letu aliona binti huyu ni mdogo mno kwa habari hizo. Sisi tunaona kwamba mtoto akiweza kuuliza, basi ajibiwe kwa kipimo chake.

Nje pana mbuyu wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina. Watu husema ni wa watumwa, kumbe ulifungwa na Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyehudumia wagonjwa, ili apate mahali pa kumfunga punda wake! Karibu na hapo ni mnara wa kanisa la kwanza. Tarehe 24 Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa humo baada ya kubebwa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Majina ya Chuma na Susi yanajulikana. Lakini wanawake nao walikuwamo katika safari ile, akiwamo Halima, aliyekuwa mpishi wa Livingstone. Waelekezaji wengine humsahau, kwa hiyo mkifika ulizeni habari zake.

Hata wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka na pembe za ndovu walifuatana na wake zao, wakiwa na vyungu kichwani na watoto mgongoni. Wapo wanaolieleza jina la Bagamoyo kwa kilio cha watumwa, na wapo wanaosema ni wapagazi waliofika pwani wakabwaga mizigo, na moyo ukatulia. Sisi tunaelekea maelezo haya ya pili, labda kwa kuwa tunatoka Kariakoo, jina lililotokana na kambi ya wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Ngome Kongwe na Boma la Wajerumani tuliyapita haraka, watoto walikuwa wamechoka. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, na mji huu ukapoa. Mwenye kuuguza Muhimbili katika jengo la Sewahaji ajue kwamba Sewa Haji alikuwa tajiri wa Bagamoyo aliyekodisha wapagazi, na ndiye aliyetoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897.

Jioni tulimalizia ufukweni, kwenye soko la samaki. Samaki ni wabichi, lakini bei ya kwanza msiikubali. Sisi watu wa Kariakoo hatuhitaji kufundishwa hilo. Chukueni ndoo yenye mfuniko na barafu, na ulizeni mapema saa ya gari la mwisho. Viingilio vya Kaole na makumbusho ni tofauti kwa raia na wageni, kwa hiyo beba kitambulisho. Na kanga za ziada zisikosekane, kwa maana watoto wataingia majini na nguo zao hata mkiwakataza.