Kama Ni Mchezo, Uachwe Uwanjani

Siku hizi, baada ya Ibada ya Kiswahili, akina baba tunasimama kwenye maegesho tukisubiri watoto watoke darasa la Jumapili. Zamani mazungumzo yalikuwa ya mpira, zamu za kiwandani na karatasi za uhamiaji. Sasa yameongezeka ya bastola: nani amenunua ipi, risasi zimepanda bei duka gani, nani anapiga katikati ya karatasi kutoka mita ngapi. Sisi tunaoandika haya ni wazee wanne wa usharika mmoja huku kaskazini mwa Texas. Wawili wetu tunatoka Tanzania, mmoja Kenya, na mmoja alitoka Kivu akiwa kijana, akakaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Tumelinyamazia jambo hili muda mrefu. Hatunyamazi tena.

Hatusemi kwamba kulenga shabaha ni dhambi. Tunasema kwamba wengi wetu tumenunua silaha kwa jina la mchezo, tukaitunza kwa sababu nyingine, na kanisa limeibariki hiyo sababu nyingine bila kuipima kwa Neno.

Tuanze na tuliyoyaona wenyewe, asije mtu akasema tunahukumu kwa kusikia. Ndugu yetu mmoja, mtu mpole, mwimbaji wa besi katika kwaya, alitamani siku nyingi kujifunza kulenga. Akatuomba tumsindikize dukani. Alichagua rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, yenye nafasi za risasi sita. Muuzaji alimweleza vizuri: ukiifungua silinda unaona kwa macho kama ina risasi au haina, na ingawa imetengenezwa kwa risasi ya .357 Magnum, inapiga pia .38 Special, ambayo haimrushi sana mkono mtu anayejifunza. Ndugu yetu akajaza fomu ya serikali, akaonyesha kitambulisho na kadi yake ya ukaazi wa kudumu. Muuzaji akalipeleka jina lake kwenye mfumo wa uchunguzi ambao nchi hii imeutumia tangu 1998, na jibu likaja kabla hatujamaliza kuchagua vifuniko vya masikio. Fomu ilimwuliza kuhusu mashtaka, dawa za kulevya, na kama mahakama imewahi kutamka kwamba hana akili timamu. Haikumwuliza kama anapata usingizi.

Jumamosi iliyofuata tukaenda naye kuijaribu. Mwalimu wa uwanja alitusomea kanuni kama mtu anayesoma amri kumi. Kila bastola ihesabiwe kuwa ina risasi. Mtutu usielekee kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka umeshalenga. Ujue kilicho mbele ya shabaha na kilicho nyuma yake. Kwa rivolva akaongeza moja: vidole visikae pembeni mwa silinda, maana gesi ya moto hutokea kwenye upenyo kati ya silinda na mtutu.

Kisha akafanya jambo ambalo hatujalisahau. Aliweka risasi nne na maganda mawili matupu, akaizungusha silinda, akaifunga, ili ndugu yetu asijue zamu ya ganda tupu ni ipi. Risasi ya kwanza ikalia, ya pili ikalia. Mara ya tatu kikasikika kidude kikigonga tu, bila mlio, na sote tukaona mtutu ukiinama wenyewe. Mkono ulikuwa umeuogopa mlio ambao haukuwapo. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba bastola yake haina kosa, kinachomkosesha ni woga wake. Wakarudia zoezi hilo tena na tena. Baada ya saa moja matundu kwenye karatasi, ambayo mwanzoni yalitawanyika kama mbegu zilizomwagika, yalikuwa yamekusanyika mahali panapofunikwa na kiganja. Ndugu yetu alicheka kama mtoto. Na sisi tulifurahi pamoja naye. Tungesema uongo tukisema hatukufurahi.

Mzee wetu wa Kivu alivumilia milio mitatu, akatoka akaenda kukaa garini. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Masikio yangu hayajui kwamba ni mchezo."

Wapo wapendwa watakaosema kwamba kwa kuingia tu mahali pale tumeshajichafua. Hao tunawajibu kwa heshima lakini kwa wazi. Yonathani alipiga mishale kana kwamba analenga shabaha, na kwa mishale hiyo akampelekea Daudi habari iliyookoa uhai wake (1 Samweli 20). Kulenga shabaha kumo katika michezo ya Olimpiki tangu ile ya kwanza ya mwaka 1896. Mtu anayejifunza kutuliza pumzi, kuushinda woga wa mkono wake na kutii kanuni hajamkosea Mungu. Dhambi isiyoandikwa tusiitunge, maana tukiitunga tutawapoteza vijana wetu, nao hawatatusikiliza tutakapofika kwenye dhambi yenyewe.

Lakini shida yetu kubwa iko upande wa pili, kwa wale wanaosema, "Bastola ni chombo tu, kama jembe." Maneno haya yamesemwa mbele yetu na watu wazima wenye kuijua Biblia. Tunawauliza: ni nani kati yenu anayelifungia jembe katika kasiki la namba za siri? Ni nani anayeamka usiku kuhakikisha jembe lipo mahali pake? Wageni wakija na watoto, mnaficha majembe? Jembe lina kazi yake, nayo haimfanyi mtu atetemeke. Mioyo yenu inajua tofauti, ila vinywa vyenu havitaki kukiri.

Binadamu amekuwa akiivika silaha jina zuri tangu zamani. Rivolva maarufu iliyotolewa na kampuni ya Colt mwaka 1873 ilikuja kuitwa kwa Kiingereza Mleta Amani. Jina hilo Bwana wetu alikuwa ameshawapa watu wengine kabisa pale mlimani (Mathayo 5:9), wala hakuwapa kwa sababu ya walichobeba kiunoni.

Katika mkutano mmoja wa akina baba, mhubiri mgeni alitufundisha kwamba katika lugha za asili neno la dhambi maana yake ni kuikosa shabaha. Hilo ni kweli. Lakini akaendelea: kwa hiyo Mkristo anayejifunza kulenga vizuri anajifunza utakatifu. Watu wakapiga makofi. Sisi tulirudi nyumbani tukafungua Waamuzi 20. Hapo tunasoma juu ya watu 700 wa Benyamini, wote wa mkono wa kushoto, walioweza kurusha jiwe kwa kombeo wakalenga unywele wasiukose. Na kitenzi cha Kiebrania kinachotumika hapo kwa kukosa ndicho kile kile kinachotumika kwa kutenda dhambi. Basi, mabingwa hao walikuwa wanapigania nini? Walikuwa wanawatetea watu wa Gibea, waliomtendea mwanamke mmoja unyama usiku kucha hata akafa. Jiwe lao halikuukosa unywele, lakini wao waliikosa haki, na kabila lao likabakiwa na wanaume 600 waliokimbilia mwamba wa Rimoni. Ustadi wa mkono haumtakasi mtu. Mhubiri aliyetupigisha makofi siku ile alisoma nusu ya mstari.

Tunajua jibu litakalokuja, maana huku kwetu halikosekani. Tutaambiwa habari za White Settlement, mji ulio jirani na Fort Worth. Tarehe 29 Desemba 2019 mtu mwenye bunduki aliwaua waumini wawili ndani ya ibada, na mlinzi wa kujitolea wa kanisa lile, aliyekuwa mwalimu wa kutumia silaha, akamwangusha kwa risasi moja ndani ya sekunde chache. Tutaambiwa pia habari za Sutherland Springs, ambako watu 26 waliuawa kanisani mwezi Novemba 2017. Hatuyapuuzi haya. Tumewalilia waliokufa. Wala hatumdharau mlinzi yule.

Lakini angalieni alikuwa nani. Alikuwa mtu mwenye mafunzo ya miaka mingi, katika kikosi kilichojulikana na kanisa lake. Ni tofauti na baba mwenye karatasi moja yenye matundu mazuri, ambaye mkono wake bado unaogopa ganda tupu, na anayekaa kiti cha nyuma akiwa na risasi sita chini ya koti huku watoto wakipita mbele yake kwenda kutoa sadaka. Tangu Septemba 2021 sheria ya Texas inamruhusu mtu mzima asiye na kizuizi kubeba bastola bila kibali. Sheria ya nchi imeruhusu. Je, busara nayo imeruhusu? Wanafunzi walipomwonyesha Bwana panga mbili, aliyafunga mazungumzo yale (Luka 22:38). Usiku ule ule mmoja wao akalitumia panga, akakosa kichwa akapata sikio, na kazi ya mwisho ya uponyaji ambayo Bwana aliifanya kabla ya msalaba ilikuwa kurekebisha kosa la mfuasi wake mwenye silaha. Hilo hatulisikii likihubiriwa.

Sasa tuseme lile lililotufanya tushike kalamu.

Miezi minane baada ya siku ile ya uwanjani, simu ya mmoja wetu ililia saa saba ya usiku. Alikuwa ndugu yetu wa besi. Kazi ilikuwa imeisha, mkewe alikuwa kwao kumuuguza mama yake, na kodi ya nyumba ilikuwa ya miezi miwili. Tulijua hayo yote kwa juu juu na tulikuwa tukimwambia Mungu yupo. Hakusema mengi. Alisema, "Mzee, naomba uje uchukue kile kitu. Uje sasa hivi." Tulikwenda wawili. Tulimkuta amekaa kwenye ngazi za nje, kwenye baridi, mlango ameuacha wazi. Hakutaka kuwa nacho ndani ya kuta zile zile. Rivolva ilikuwa mezani, ile ile tuliyoifurahia, na silinda ilikuwa imejaa. Tuliifungua, tukatoa risasi sita, tukaziweka katika gari jingine. Tulikaa naye mpaka kukapambazuka. Yu hai, anaimba, na ametupa ruhusa kuyaandika haya bila jina lake.

Tulipoanza kuuliza, tulijifunza tulilopaswa kulijua. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani. Zaidi ya nusu yao, watu 26,328, walijiua. Watafiti waliofuatilia watu wazima zaidi ya milioni 26 wa California walichapisha mwaka 2020 kwamba wanaume waliomiliki bastola walijiua kwa risasi kwa kiwango cha karibu mara nane ya wasiomiliki. Basi, mhalifu tunayemwogopa mlangoni siye anayewaua wengi wetu. Anayeuawa mara nyingi ni mwenye bastola mwenyewe, usiku mmoja mbaya, usiku ambao kama kitu kile kisingekuwa karibu, ungepita na asubuhi ingefika.

Nasi tu watu gani? Tu watu waliozika ndugu kwa simu ya video. Tu watu wenye vyeti vya ualimu wanaofagia maghala usiku. Wako kati yetu walioona vijiji vikiteketea. Huzuni imo ndani yetu kuliko tunavyokiri, kwa sababu tumefundishwa kwamba mwanamume halii na kwamba Mkristo wa kweli hana msongo wa mawazo. Kisha tunapeana moyo wa kununua bastola, tunauita mchezo, na hatuulizani hata siku moja, "Kaka, unalala?"

Kwa hiyo tunasema wazi. Kama ni mchezo, uwe na kiwanja, na kiwanja kikifungwa mchezo uishe. Mchezaji wa mpira halali na mpira chini ya mto. Mwenye bastola ya shabaha aifungie kasikini ikiwa tupu, risasi azifungie pengine, na wiki asiyokwenda uwanjani asiwe na sababu ya kuigusa. Asiyeweza kufanya hivyo akiri mbele ya Mungu kwamba alinunua kitu kingine, kisha aje tuzungumze juu ya kitu hicho na juu ya hofu iliyomfanya akinunue.

Wachungaji wetu nao tunawaambia: acheni kupigisha watu makofi kwa ajili ya silaha. Kama usharika unahitaji ulinzi, baraza liamue hadharani, lichague watu, liwafundishe, liwajibike kwa ajili yao. Wengine wote waingie nyumbani mwa Bwana bila kitu kiunoni, na tuweke tangazo mlangoni, maana sheria ya Texas inaliruhusu kanisa kufanya hivyo. Na siku moja kwa mwaka mhubiri asimame aseme neno kujiua kwa sauti, bila kunong'ona, aitaje namba 988 ambayo tangu 2022 mtu yeyote nchini humu anaweza kuipiga akizidiwa, na awaambie watu kwamba kupiga simu hiyo si kukosa imani.

Rivolva ya ndugu yetu bado iko kwetu, imefungwa. Ametuambia kwamba akipata nguvu huenda akairudia shabaha, kwa sababu aliipenda. Tumemjibu kwamba siku hiyo tutakwenda naye uwanjani, na jioni tutarudi nayo sisi. Mzee wetu wa Kivu amesema atakuja pia. Atakaa garini, atungoje.