Liuli Haina Haja ya Kusubiri Hoteli

Utalii wa Ziwa Nyasa ukitajwa, mazungumzo huanzia kwenye upungufu. Mbamba Bay haina hoteli kubwa, Liuli haina magofu kama ya Kilwa, basi hakuna cha kutembelea. Wavuvi wasogezwe kando, wawekezaji waje, ndipo mgeni ateremke kutoka Mbinga. Hoja hiyo naikataa.

Liuli ndiyo Sphinxhafen ya Wajerumani, walioipa jina hilo kwa ajili ya mwamba wa ufukweni unaofanana na sanamu maarufu ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliingia hapo na kuipiga kwa mzinga Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Alitoka na chombo kidogo kwenda kumfokea rafiki yake Rhoades, nahodha wa Gwendolen, akatekwa. Hapo hapo Liuli alizikwa, mwaka 1928, mmisionari William Percival Johnson, aliyetumia miongo kadhaa kwenye mwambao huu. Sasa historia inayokosekana ni ipi?

Na tusiishie kwenye meli za wageni. Urithi mkubwa zaidi ni uvuvi wenyewe: usiku wa giza taa zimetapakaa ziwani kuwavuta dagaa, asubuhi akina mama wako kwenye chanja wakianika, mbasa wanapanda Mto Ruhuhu kutaga mayai. Hakuna ziwa duniani lenye aina nyingi za samaki kuliko hili. Kumwondoa mvuvi ufukweni ili kumpendeza mtalii ni kumwondolea mtalii alichokifuata. Benidorm, Hispania, ulikuwa mji wa wavuvi. Leo unajulikana kwa maghorofa ya hoteli, na wapenda miji ya kale huenda kwingine.

Nakubali kwamba vyoo safi, vibao vya maelezo na vijana waliofunzwa kuongoza wageni vinahitajika. Hayo hayahitaji bilioni. Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imekwisha kuondoa kisingizio cha safari.

Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa itenge sasa, kwenye ramani za mipango miji, maeneo ya mialo na ya kuanikia dagaa, na yasigawiwe mwekezaji yeyote.